Msongo, Wasiwasi na Udadisi kwa Panya wa Maabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoanza kazi ya maabara, na wasomaji wa makala za sayansi, na hata watu wanaoshangaa tu kwa nini mtu mzima akae saa nzima akimtazama panya akizunguka ndani ya boksi. Katika majibu yafuatayo, panya ni Rattus norvegicus, na kipanya ni yule mdogo, Mus musculus. Wote ni wagugunaji, lakini matokeo ya mmoja hayahamishiki kwa mwenzake hivi hivi.

Panya hasemi. Tunajuaje kwamba ana wasiwasi?

Hatujui moja kwa moja. Tunaona anachofanya, kisha tunakisia hali iliyo nyuma yake. Ndiyo maana waandishi makini huandika "tabia zinazofanana na wasiwasi".

Kukisia huko kuna msingi. Mgugunaji yeyote anaishi katikati ya mvutano: chakula, mwenza na njia mpya viko nje, na bundi, nyoka na paka wako huko huko nje. Akijifungia shimoni atakufa njaa, akizurura ovyo ataliwa. Kwa hiyo amezaliwa na mambo mawili, udadisi na woga wa mahali peupe, na kila hatua anayopiga katika eneo geni ni mapatano kati ya hayo mawili. K. C. Montgomery alilieleza jambo hili kwa majaribio mwaka 1955, alipoona kwamba kitu kigeni kilekile humvuta panya na kumtisha kwa wakati mmoja.

Karibu vipimo vyote vya wasiwasi kwa wagugunaji hupima mapatano hayo. Ukilishika hilo, mabishano mengi ya fani hii yatakunyookea, kwa sababu tokeo lilelile linaweza kutoka kwa mnyama aliyeogopa zaidi, au kwa mnyama ambaye hamu ya kuchungulia imemwisha.

Vipimo vyenyewe ni vipi?

Cha zamani zaidi kati ya vinavyotumika sana ni uwanja wazi. Calvin Hall aliutumia mwaka 1934: panya anawekwa kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta na kumulikwa, kisha mtafiti anahesabu, pamoja na mambo mengine, vidonge vya kinyesi. Ndiyo, kinyesi. Mnyama aliyeshtuka huachia tumbo, na Hall alikifanya hicho kuwa kipimo. Siku hizi kamera hufuatilia umbali aliotembea na muda aliokaa katikati ya uwanja. Mwenye wasiwasi huambaa na ukuta, na katikati hapathubutu.

Kinachotawala zaidi leo ni jukwaa la msalaba lililoinuliwa kutoka sakafuni. Lina mikono minne: miwili ina kuta, miwili iko wazi pande zote. Sheila Handley na mwenzake Mithani walilitumia kwa panya mwaka 1984, na mwaka uliofuata Sharon Pellow na wenzake wakalithibitisha kwa kutumia dawa. Kwa panya, kila mkono huwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 10, na jukwaa huwa juu ya sakafu kwa sentimita 50. Mnyama anawekwa katikati na kuachwa kwa dakika 5. Richard Lister alilirekebisha kwa ajili ya vipanya mwaka 1987.

Lipo pia sanduku lenye chumba cha giza na chumba cha mwanga, lililoelezwa na Jacqueline Crawley na Frederick Goodwin mwaka 1980. Na kipo kipimo cha kumpa mnyama mwenye njaa chakula katikati ya eneo geni, ukahesabu anachukua muda gani kabla ya kung'ata.

Kwa nini jukwaa la msalaba linaaminiwa hivyo?

Kwa sababu ya diazepamu na jamaa zake. Dawa hizi hutuliza wasiwasi kwa binadamu, na mnyama aliyepewa huingia zaidi kwenye mikono iliyo wazi. Dawa zinazoongeza wasiwasi humrudisha kwenye kuta.

Hapo pana mtego mmoja. Dawa za mfadhaiko ambazo madaktari huwaandikia watu wenye wasiwasi wa kudumu, zile zinazofanya kazi kupitia serotonini, kemikali inayobeba ujumbe ubongoni, mara nyingi hazionyeshi kitu kwenye jukwaa hili zinapotolewa mara moja tu, na wakati mwingine huongeza woga. Kipimo kilithibitishwa kwa familia moja ya dawa, kwa hiyo kinaisikia vizuri familia hiyo. Mwenye kulichukulia jukwaa la msalaba kama kipimajoto cha wasiwasi wa kila namna anajidanganya.

Msongo unaingiaje mwilini?

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika kwamba panya waliofanyiwa mambo tofauti kabisa, kama baridi, upasuaji, sumu kidogo au mazoezi ya kupita kiasi, walionyesha mabadiliko yaleyale: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi ilisinyaa, na tumbo lilipata vidonda. Hapo ndipo utafiti wa msongo kama tunavyoujua ulipoanza.

Njia yake tunaijua vizuri sasa. Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za adrenali juu ya figo, na hizo humwaga kotikosteroni, homoni ya msongo. Kwa binadamu kazi hiyo hufanywa hasa na kotisoli. Kotikosteroni hufika kileleni takriban dakika 15 hadi 30 baada ya kishindo kuanza, kisha hurudi ubongoni na kuuambia upunguze kasi. Ina vipokezi vya aina mbili: kimoja huikamata hata ikiwa kidogo, kingine hujaa pale tu inapokuwa nyingi. Hipokampasi ina vyote viwili kwa wingi, ndiyo maana eneo hilo la kumbukumbu hutajwa kila msongo unapotajwa.

Sambamba na njia hiyo ipo ya haraka zaidi, ya adrenalini na neva, inayopandisha mapigo ya moyo ndani ya sekunde.

Msongo wa mara moja hufanya nini?

Inategemea ukali wake na muda uliopita. Wa kiasi unaweza kumchangamsha mnyama, naye akapekuapekua mazingira zaidi ya kawaida. Ukali ukizidi, anaganda au anajibana kwenye kona.

Kinachonivutia mimi zaidi ni kile kinachokuja baadaye. Robert Adamec alimweka panya pamoja na paka kwa dakika 5 tu, bila kuruhusu ajeruhiwe, na wasiwasi kwenye jukwaa la msalaba ulionekana hata wiki 3 baadaye. Kundi la Sumantra Chattarji, Bangalore, liliwabana panya kwa saa 2, mara moja tu. Siku iliyofuata wasiwasi haukuwa umeongezeka. Siku ya 10 ulikuwa umeongezeka, na seli za neva za amigdala, kituo kikuu cha woga ubongoni, zilikuwa zimeota vichipukizi vipya vya kupokelea mawasiliano. Mtafiti aliyepima kesho yake na kufunga daftari angeandika kwamba hakuna athari.

Na ule wa muda mrefu?

Huu huchonga ubongo. Bruce McEwen na wenzake, New York, waliwabana panya saa 6 kila siku kwa siku 21, na matawi ya seli za hipokampasi yakafupika na kupungua. Kundi la Chattarji likatazama upande wa amigdala na kukuta kinyume chake: huko matawi yalirefuka. Kwa hiyo msongo hupunguza mtandao wa mawasiliano wa sehemu inayosaidia kukumbuka na kuutuliza mfumo, na kuongeza ule wa sehemu inayopiga mbiu ya hatari. Panya wa Chattarji walipopewa siku 21 za kupumzika, hipokampasi ilirudia hali yake. Amigdala haikurudi, wala wasiwasi haukupungua.

Kwa tabia, picha ya kawaida ni hii: muda kwenye mikono iliyo wazi unapungua, katikati ya uwanja panakimbiwa, chakula kilicho mahali pageni kinachelewa kuguswa. Mwili nao unashuhudia, kwa kuwa uzito hauongezeki inavyotakiwa, adrenali zinavimba, thaimasi inasinyaa, kama alivyoona Selye.

Nimesema picha ya kawaida. Si sheria.

Watafiti huwatia wanyama msongo kwa njia gani?

Kubana ni njia rahisi: mnyama anaingizwa kwenye mrija wenye matundu ya hewa ambamo hawezi kugeuka. Tatizo ni kwamba anazoea. Baada ya siku kadhaa kotikosteroni haipandi kama siku ya kwanza.

Ili kukwepa mazoea, wengine hutumia msongo mdogomdogo usiotabirika: leo maranda yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa, kesho kutwa taa hazizimwi usiku. Paul Willner aliipa njia hii umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1980, akionyesha kwamba panya wa namna hiyo huacha kupenda maji ya sukari kama zamani. Ni njia yenye mantiki, ila ni ngumu kurudia kwa usahihi. Kila maabara ina ratiba yake.

Njia ya tatu ni kushindwa na mbabe. Kipanya dume anaingizwa kwenye kizimba cha dume mkubwa mwenye hasira kwa dakika chache, anapigwa, kisha wanatenganishwa kwa kizuizi kinachopitisha macho na harufu. Hilo hurudiwa kwa siku 10, kila siku na mbabe mpya. Kati ya zote, naiona hii kuwa karibu zaidi na maisha halisi ya kipanya, kwa kuwa ugomvi wa eneo ni jambo analokutana nalo porini.

Mbona makala nyingine zinaonyesha wanyama wenye msongo wakitembea zaidi, si pungufu?

Hili huwachanganya wengi. Mnyama anaweza kukimbia huku na huku kwa taharuki, na kompyuta ikahesabu mita alizotembea kana kwamba ni udadisi. Kwa vipanya waliopitia msongo wa muda mrefu, taa kali pekee inaweza kuwafanya wakimbiekimbie. Ukiipunguza, tofauti kati yao na wenzao inaweza kutoweka.

Suluhisho ni kutotegemea namba moja. Angalia mara ngapi ameingia kwenye mikono yenye kuta, kwa maana hiyo inaeleza wepesi wa mwili kuliko wasiwasi. Kama imepungua sambamba na ya mikono iliyo wazi, huenda mnyama amechoka au anaumwa tu.

Na tazama video kwa macho yako. Kuna mkao ambao mashine nyingi huukosa: mnyama ananyoosha shingo na kifua kwenda mbele huku miguu ya nyuma imebaki pale pale, ananusa, kisha anajirudisha. Hapo anaipima hatari. Robert na Caroline Blanchard waliichunguza kwa kina tabia hii ya kukadiria hatari. Wanyama wawili wanaweza kuwa na sekunde sawa kwenye mikono iliyo wazi, mmoja akiwa amejinyoosha na kujirudisha mara nyingi kabla ya kuthubutu, mwingine akiwa ameingia bila kusita. Namba zinawaita sawa.

Kwa nini baadhi hawatikisiki?

Kwa njia ya mbabe, baada ya siku 10, sehemu ya vipanya huanza kuwakwepa wenzao, na sehemu huendelea kuwasogelea kama kawaida, ingawa wote ni wa nasaba moja na jeni zao karibu zinafanana. Wa pili huitwa wastahimilivu. Utafiti wa mwaka 2007 wa Vaishnav Krishnan, Eric Nestler na wenzao ulionyesha jambo ambalo husahaulika: hata wastahimilivu hao walikuwa na wasiwasi kwenye jukwaa la msalaba. Waliponea kwenye kuchangamana na wenzao, hawakuponea kwenye woga. Ustahimilivu hauji kwa jumla.

Malezi nayo yana nguvu. Kundi la Michael Meaney, Montreal, lilionyesha mwaka 1997 kwamba watoto wa panya waliolambwa sana na mama zao katika siku za mwanzo hukua wakiwa na mwitikio mdogo wa homoni za msongo. Nasaba pia: vipanya wa BALB/c kwa kawaida ni waoga kuliko wa C57BL/6, na atakayelinganisha makundi ya nasaba mbili bila kulizingatia hilo amepoteza kazi yake.

Majike na madume wanafanana?

Hapana. Panya majike kwa kawaida huzunguka zaidi na huingia zaidi kwenye mikono iliyo wazi, na hali hubadilika kidogo na mzunguko wao wa siku 4 hadi 5. Kwa miaka mingi watafiti waliwaacha majike kwa kisingizio kwamba mzunguko huo huvuruga takwimu. Uchambuzi mpana wa data za vipanya uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba matokeo ya majike hayatawanyiki zaidi kuliko ya madume. Kisingizio kimekwisha.

Je, mtafiti mwenyewe anaweza kuwa chanzo cha msongo?

Ndiyo, na kwa kiasi ambacho wengi hawapendi kukikubali. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West, Uingereza, walionyesha kwamba vipanya wanaonyanyuliwa kwa mkia huukwepa mkono wa binadamu na huonyesha wasiwasi zaidi kuliko wanaobebwa kwa mrija au kwa viganja vilivyokunjwa kama bakuli. Kunyanyua kwa mkia kulikuwa kawaida maabara nyingi. Maana yake ni kwamba vipimo vingi vya wasiwasi vilianza kwa kumtia mnyama wasiwasi.

Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil, Kanada, likaongeza jingine: harufu ya wanaume, hata ya fulana waliyoivaa usiku kucha, iliwapandishia wagugunaji homoni ya msongo. Ya wanawake haikufanya hivyo.

Ongeza mambo madogo: kusafirishwa kutoka kwa mfugaji, kuhamishwa chumba dakika chache kabla ya jaribio, mlio wa vifaa vya umeme katika masafa ambayo sikio la binadamu halifikii lakini la kipanya linafikia. Vyumba vingi vya maabara huwekwa nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi kwa starehe ya watu, wakati kipanya hajisikii baridi akiwa karibu na nyuzi 30. Mpe pamba au karatasi za kujengea kiota angalau.

Kwa nini maabara mbili hupata majibu tofauti kwa jaribio lilelile?

Mwaka 1999 John Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek walilijaribu swali hili. Katika maabara tatu, Portland, Albany na Edmonton, walitumia nasaba zilezile za vipanya, umri uleule, vifaa vilevile, na wakaanza siku ileile. Bado matokeo yalitofautiana, hasa ya jukwaa la msalaba. Tofauti kubwa za nasaba zilionekana kote, ila zile ndogo zilitegemea jaribio limefanyika wapi. Tofauti ndogo ya wasiwasi iliyoonekana katika maabara moja, kwa vipanya wachache, isishangiliwe haraka.

Naweza kumrudisha mnyama yuleyule kwenye jukwaa la msalaba?

Kumrudisha unaweza, ila hutakuwa unapima kitu kilekile. Sandra File alionyesha mwaka 1990 kwamba mnyama aliyewahi kulipanda jukwaa, hata mara moja na kwa dakika 5, hatulizwi tena na dawa za jamii ya diazepamu anapolipanda mara ya pili. Kama unahitaji vipimo kabla na baada ya msongo, tumia vipimo viwili tofauti au makundi mawili.

Kupima kotikosteroni hakutoshi?

Hakutoshi. Kiwango chake hupanda na kushuka kila siku hata bila msongo, na kwa wagugunaji, ambao huamka usiku, kilele ni karibu na giza kuanza kuingia. Sampuli ya asubuhi na ya jioni hazilinganishwi. Kumshika mnyama ili kumtoa damu kwenyewe kunaipandisha, kwa hiyo damu itolewe ndani ya takriban dakika 3 tangu kizimba kuguswa. Tena homoni hiyohiyo hupanda wakati wa kujamiiana na wakati wa mazoezi ya kupenda mwenyewe. Inaonyesha mwili umeamshwa, haisemi mnyama anajisikiaje.

Ni halali kweli kuwafanyia wanyama haya?

Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu zinazofuatwa hadi leo: tumia mbadala usio na mnyama inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Katika utafiti wa msongo kanuni ya tatu inabana, kwa kuwa dhiki ndiyo inayochunguzwa. Maoni yangu ni kwamba jaribio lenye wanyama wachache mno kutoa jibu ni baya kimaadili kuliko lenye wengi wa kutosha, kwa sababu wale wachache wameteseka bure.

Nikisoma makala ya utafiti wa aina hii, nianze kuangalia wapi?

Ruka muhtasari, nenda kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta nasaba, jinsia na umri. Saa ya jaribio na kama taa zao za mchana na usiku zimegeuzwa. Ukali wa mwanga juu ya kifaa. Jinsi wanyama walivyonyanyuliwa. Siku ngapi zilipita kati ya msongo wa mwisho na kipimo. Kisha uliza kama aliyetazama video alijua mnyama yupi ni wa kundi lipi. Mwisho, tafuta idadi ya kuingia kwenye mikono yenye kuta, na wanyama wangapi walianguka kutoka jukwaani na kuondolewa kwenye hesabu. Kama hayo mawili hayapo, mwandikie mwandishi umwombe data, wengi huzitoa.